Dakika ya Kushikana Mikono

Kadi zetu za harusi hapa Tabata huandikwa "saa 12:00 jioni", na kila mwalikwa anajua kuwa saa hiyo bibi harusi bado yuko saluni. MC atashika kipaza sauti saa mbili na nusu, chakula kitaliwa saa nne, na hakuna atakayelalamika. Kadi ya Kihindu haina mzaha huo. Inaandikwa saa 5:42 asubuhi, na ikitimia 5:42 bwana harusi anakabidhiwa mkono wa bibi harusi, mpiga picha awe amefika au amekwama kwenye foleni ya Buguruni. Wagujarati hukiita kitendo hicho hast melap, kushikana mikono, na shughuli nyingine zote, kuanzia kupakana manjano hadi kuuzunguka moto, hupangwa kwa kuitazama dakika hiyo.

Nina stesheneri Tabata Kimanga: fotokopi, mihuri, vitabu vya risiti, vipeperushi vya mikutano ya injili, kadi za kila dini. Lakini uchapaji niliufundishwa mjini, mitaa ya Kisutu yaliko mahekalu yao, kwa mzee mmoja Mgujarati wa jumuiya ya Walohana aliyekuwa akichapa kadi za wenzake kwa herufi za Kigujarati. Zilikuwa herufi za risasi. Unaziokota mojamoja kwenye kasha na kuzipanga kinyumenyume. Kukisoma Kigujarati kwa ufasaha siwezi hata leo, ila tarakimu zake nilizijua kabla ya kitu kingine chochote, maana bosi alikuwa na kauli yake: jina likikosewa watacheka, saa ikikosewa watarudisha mzigo mzima. Bosi ameshafariki, watoto wake wako Uingereza, na baadhi ya wateja wake bado wananitafuta huku Kimanga kwa WhatsApp.

Methali ya baniani na kiatu chake tunaijua sote tangu shule ya msingi. Kalenda yake, ambayo imekuwa pwani hii tangu enzi za majahazi, hatuijui.

Dakika za kwenye kadi hutoka katika kitabu kiitwacho panchang, yaani viungo vitano. Kile nilichokizoea kilikuwa cha karatasi nyepesi kama ya gazeti, safu za tarakimu zimebanana hadi macho yanauma, na kwa kila siku kinataja mambo matano. La kwanza ni siku ya wiki, na hapo hakuna jipya: ni siku saba zilezile, zikiwa na majina ya jua, mwezi na sayari tano. La pili ni tithi, siku ya mwezi, ambayo nitairudia kwa kirefu. La tatu ni nakshatra, kituo cha mwezi angani. Wahindu wameigawa njia ya mwezi katika vituo 27, na mwezi hukaa kama siku moja katika kila kituo. Walimu wa falaki wa pwani nao wanavyo, wanaviita manazili, ila vyao ni 28. Kituo cha tatu cha Wahindu, Krittika, ni kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu wanakiita Kilimia. Kinachofuata, Rohini, ni kipenzi cha waoaji. Viwili vilivyobaki, yoga na karana, ni hesabu za nyongeza. Yoga hupatikana kwa kujumlisha mahali lilipo jua na ulipo mwezi, na karana ni nusu ya tithi. Sitawachosha nazo, isipokuwa kusema kwamba ipo karana moja, Vishti au Bhadra, ambayo ikiingia kuhani wao, maharaji, hafungui jambo jipya mpaka ipite.

Sasa tithi. Mwezi na jua vikikutana upande mmoja wa anga, mwezi hauonekani, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Kila siku mwezi unaliacha jua ukielekea mashariki, na kila ukiongeza nyuzi 12, tithi moja imekwisha. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo mwezi una tithi 30: 15 za mwezi kukua, Wagujarati wanaziita sud, na 15 za kupungua, vad. Shida ni kwamba mwezi hauna mwendo mmoja. Ukiwa karibu na dunia unakimbia, ukiwa mbali unajikokota. Tithi fupi kabisa inakaribia saa 20, ndefu kabisa inakaribia saa 27, na yoyote inaweza kuanza wakati wowote, mchana wa jua kali au usiku wa manane.

Mtu wa kawaida hawezi kuishi na tarehe inayobadilika saa nane na robo mchana. Kwa hiyo ipo kanuni: tithi iliyopo jua linapochomoza ndiyo inayoipa siku nzima tarehe yake. Matokeo yake ni vituko. Tithi fupi inaweza kuanza leo jua likiwa limeshachomoza na kwisha kabla halijachomoza kesho. Hiyo haipati siku, inarukwa. Ndefu inaweza kuyapata macheo mawili, na siku mbili zikafuatana zikiwa na tarehe moja. Kwenye kalenda za ukutani tulizowachapia wenye maduka ilikuwa kawaida kuikuta 7 ikifuatwa na 9, au 11 mbili pamoja, na kila mwanafunzi mpya wa kazi alikimbilia kwa bosi akidhani ameshika kosa. Bosi alikuwa akimwangalia tu, anamwambia, "Panga, kijana, panga."

Macheo hayo uyalete Dar es Salaam, mambo yanaongezeka. Vitabu vile vilipigiwa hesabu kwa saa za India, ambazo ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Maharaji aliyekuwa akija pale kiwandani, mzee wa miwani minene, alikuwa na tabia ya kupiga hesabu hiyo mbele yangu kwenye vipande vya karatasi vilivyobaki baada ya kukata kadi.

"Shikamoo, maharaji."

"Marahaba. Haya, shika kalamu. Kitabu kinasema agiyaras inakwisha saa 1:30 asubuhi. Saa ya wapi hiyo?"

"Ya India."

"Toa mbili na nusu."

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Hapa jua limechomoza?"

"Bado, maharaji."

"Basi."

Agiyaras ni siku ya 11 ya mwezi, ambayo Wahindu wengi huacha kula nafaka. Mumbai jua linachomoza, tuseme, saa 12:30 asubuhi kwa saa zao, na agiyaras bado ipo. Siku hiyo kwao ni ya 11. Kwetu jua linapotokeza baharini, agiyaras imeshakwisha saa nzima na zaidi. Siku hiyo kwetu ni ya 12, na ya 11 ilikuwa jana. Mwezi ni uleule, lakini kwa kanuni ya macheo (na yapo madhehebu yenye masharti juu ya hiyo) shangazi wa Mumbai anafunga Jumatano wakati mpwa wake wa Upanga alishafunga Jumanne.

Jambo la namna hiyo liliwagawa watu waziwazi kwenye Diwali ya 2024. Usiku wa taa unataka amas, siku ya mwezi kiza, iwepo jua linapozama. Mwaka ule amas ilikwisha Ijumaa tarehe 1 Novemba saa 12:17 jioni kwa saa za India, karibu na magharibi, katika miji mingi ya India jua likiwa limeshazama, hivyo jioni mbili zikawa na amas. Wengine wakasherehekea tarehe 31 Oktoba, wengine tarehe 1. Sisi tunaosubiri mwezi uandame tunabishana tukitazama angani. Wenzetu wanabishana wakitazama jedwali.

Kwa hesabu ya Dar es Salaam hapakuwa na cha kubishania. Toa mbili na nusu: amas ilikwisha saa 9:47 alasiri, jua bado liko juu. Jioni ya Ijumaa haikuwa na amas tena, hivyo usiku wa taa ulikuwa Alhamisi tarehe 31. Mwaka mpya wa Kigujarati, wa 2081 kwa hesabu yao ya Vikram Samvat, nao ulitaka macheo yenye tarehe moja ya mwezi mpya, na macheo hayo yalikuja Jumamosi tarehe 2. Ijumaa ikabaki katikati, haina jina la sikukuu yoyote. Siku kama hiyo Wagujarati wanaiita dhoko. Mwenye duka mwenye akili huitumia kulala.

Kilichonivuta mimi zaidi ni saa. Siku ya Kihindu inaanza jua linapochomoza. Mtoto akizaliwa saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, cheti chake cha RITA kitasema Ijumaa. Bibi wa Kiswahili wa zamani naye atasema Ijumaa, maana kwake Ijumaa iliingia tangu magharibi. Maharaji ataandika Alhamisi. Saa nazo wanazigawa kuanzia macheo, kama sisi. Mswahili hahitaji kufundishwa kwamba saa tatu asubuhi ni saa ya tatu tangu kupambazuke. Mzungu lazima aelezwe.

Mchana, toka macheo hadi machweo, unakatwa mafungu manane, na usiku manane. Wagujarati wanayaita choghadiya. Amrit, Shubh na Labh ni mafungu ya kheri. Char si baya, hasa kwa msafiri. Udveg, Rog na Kaal ni ya wasiwasi, maradhi na mauti. Hayo unayaacha yapite. Hapa kwetu, karibu na ikweta, fungu la mchana halihami sana mwaka mzima: dakika 88 hivi katikati ya mwaka, 94 hivi Desemba. Leicester, walikokwenda jamaa wengi wa Afrika Mashariki, fungu la mchana wa Juni linapita saa mbili, na la Desemba halifiki saa moja. Bosi alipokuwa akichapa kadi za harusi za huko, kwa ajili ya familia zilizoondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, saa zilikuja zimepigwa hesabu kwa macheo ya hukohuko, na ukizitazama ukiwa Kisutu zilionekana za kichaa.

Chukua tena Alhamisi ile ya Diwali. Jua Dar lilichomoza karibu saa 11:56 alfajiri na kuzama karibu saa 12:17 jioni. Gawanya kwa nane, kila fungu dakika 93. Alhamisi huanza na Shubh, kisha Rog, Udveg, Char, Labh, Amrit, Kaal, na kumalizia na Shubh nyingine. Amas iliingia kama saa 7:22 mchana. Mwenye duka la Kariakoo aliyetaka kuzibariki daftari zake za hesabu za mwaka mpya, ibada ya chopda pujan, alikuwa na Amrit kuanzia kama saa 7:39 mchana hadi 9:12, au angesubiri Shubh ya kuanzia 10:44. Daftari zenyewe zina jalada jekundu, na ukurasa wa kwanza huandikwa kheri kabla ya kuandikwa deni. Siku hizi utaona pembeni yake kompyuta mpakato imewekewa ua na unga mwekundu, maana hesabu zote zimo humo.

Kufunga hesabu msimu huo kulikuwa na maana yake pwani hii. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, kaskazi ikiwa karibu kuanza. Mabaniani wa Kutch waliokuwa Zanzibar, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyoshika forodha ya Sultani katika karne ya 19, walikuwa wanafungua daftari mpya wakati majahazi ya India yanajiandaa kuja.

Rudi kwenye mafungu manane, kuna jambo halijaisha. Wahindi wa kusini, Watamili na jirani zao, wanaukata mchana vilevile mara nane, ila wao wanatafuta fungu moja tu la kulikwepa, Rahu Kaal. Jumatatu ni la pili, Jumamosi la tatu, Ijumaa la nne, Jumatano la tano, Alhamisi la sita, Jumanne la saba, Jumapili la nane. Wengi wamelikariri kana kwamba jua huchomoza saa 12 kamili kila siku, kwa hiyo Jumatatu wanasema ni saa 1:30 hadi saa 3:00 asubuhi. Hapa Dar mwezi wa Julai jua linachelewa mpaka karibu saa 12:36, na fungu hilo kwa kweli huanza saa mbili na dakika chache. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: hesabu mafungu ya Alhamisi yetu. La sita ni Amrit. Dakika 93 ambazo muuza nondo Mgujarati anazingoja kwa hamu afungue daftari, mhasibu wake aliyetoka Chennai hataki hata kusaini hundi.

Nilimuuliza maharaji ipi ni kweli. Akajibu, "Kila mtu na baba yake."

Nimeishi na jibu hilo na naliona linatosha. Jua na mwezi vilikutana tarehe 1 Novemba 2024 saa 9:47 alasiri kwa saa zetu. Muulize maharaji, muulize mtaalamu wa nyota mwenye darubini, jibu ni moja. Hiyo ni hesabu, na anayeiita ushirikina hajawahi kuipiga. Kheri na shari ya fungu la sita ni imani, na imani mbili zinaweza kukaa ofisi moja zikigombea kiyoyozi tu.

Wala tusijifanye wageni wa mambo haya. Nyuma ya kila choghadiya kuna sayari: Udveg ni ya Jua, Char ya Zuhura, Labh ya Utaridi, Amrit ya Mwezi, Kaal ya Zohali, Shubh ya Mushtarii, Rog ya Mirihi. Aliyesoma falaki ya pwani atashtuka hapo, kwa sababu huo ndio mfuatano wa saa za sayari anaoujua: Jumapili saa ya kwanza ni ya Jua, ya pili ya Zuhura, ya tatu ya Utaridi, mpaka Mirihi, kisha unarudi mwanzo. Tofauti ni kwamba wenye falaki wanaukata mchana mara 12, Wagujarati mara nane. Waliozipanga sayari kwa mwendo wake, kutoka Zohali iliyo nzito kuliko zote hadi mwezi ulio mwepesi, walikuwa wanajimu wa zama za Wayunani. Mpango wao ukashuka India kwa njia moja na kuingia kwa Waarabu kwa njia nyingine, na watoto wa njia zote mbili wakaja kupanga vyumba Kariakoo. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Magomeni aliyefariki mwaka 2011, alisomwa na watu wa kila dini, na hata walioapa kwamba hawamwamini walikuwa wanajua nyota zao.

Limebaki swali la mwaka. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ramadhani inaliacha pengo hilo lilivyo, ndiyo maana tumefunga wakati wa masika na tumefunga wakati wa joto la Desemba. Watu wa Makunduchi wanaoadhimisha Mwaka Kogwa kila Julai wao wameuweka mwezi kando. Mwaka wao ni wa jua, siku 365, na wazee wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumikumi wajue lini kupanda na lini kuingia baharini. Wahindu walitaka vyote viwili, mwezi na majira. Kwa hiyo wanaacha pengo likue, na kila baada ya miaka miwili na miezi minane hivi wanaingiza mwezi mzima wa ziada, adhik mas. Haingizwi kwa kukisia: mwezi wa mwandamo ukipita mwanzo hadi mwisho bila jua kuingia katika buruji mpya, huo ndio wa ziada, na unachukua jina la mwezi unaoufuata. Mwaka 2023 ulikuwa Shravan, kuanzia 18 Julai hadi 16 Agosti. Mwaka 2026 ni Jeth, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni. Katika miaka 19 inaingia saba, na Mkristo asicheke, maana mzunguko huohuo wa miaka 19 ndio unaotumiwa na kanisa kuitafuta Pasaka.

Serikali ya India ilijaribu kuweka utaratibu. Mwaka 1952 iliunda kamati chini ya mwanafizikia Meghnad Saha ichambue kalenda lukuki zilizokuwa zikitumika, na kuanzia 22 Machi 1957 ikatoka kalenda ya taifa iliyonyooka, ya jua tupu. Ipo kwenye nyaraka za serikali. Sijawahi kuletewa kadi ya harusi iliyoandikwa kwayo.

Kwetu wachapaji, wapambaji na wenye kumbi, kalenda hii ni suala la tumbo. Katika adhik mas hakuna harusi. Kuanzia siku ya 11 ya mwezi kukua katika Ashadh, Juni au Julai, mpaka siku ya 11 ya Kartak, siku chache baada ya Diwali, mungu Vishnu amelala, na maharaji haozeshi mtu. Akiamka, kazi inamiminika wiki nne au tano. Kisha jua linaingia buruji la Mshale katikati ya Desemba na msimu wa harusi kufungwa tena mpaka 14 Januari. Hapo ndipo jamaa wa Uingereza wana likizo ya Krismasi na tiketi mkononi, na ndipo simu za kumbembeleza maharaji zinapopigwa usiku. Msimu unafunguliwa Januari, unafungwa tena katikati ya Machi kwa mwezi mmoja, unafunguliwa. Juu ya hayo Zuhura au Mushtarii akizamia kwenye mwanga wa jua asionekane, harusi zinangoja. Ukichanganya na Kwaresima ya Wakatoliki na Ramadhani yetu, mwenye ukumbi Dar es Salaam anayetaka kujua lini akakarabati choo inabidi awe na dini tatu.

Siku hizi vijana hawaji na kitabu, wananitumia picha ya skrini ya programu ya simu. Programu hizo zinapiga hesabu vizuri kuliko sisi sote, mradi zijue ulipo. Kabla sijapanga herufi ninauliza swali moja. Juzi nilimuuliza bwana harusi mmoja mwenyewe.

"Kaka, hii saa ya hast melap umeitoa wapi?"

"Mama mkubwa kanitumia. Yuko Rajkot."

"Ni ya macheo ya Rajkot au ya hapa?"

Akanyamaza, akaniomba dakika tano. Yakawa masaa mawili, na saa iliyorudi ilikuwa nyingine kabisa, imetoka kwa maharaji wa Kisutu.

Msidhani lakini kwamba kalenda hii inamfunga mtu pingu. Imejaa milango ya uani. Akha Trij, siku ya tatu ya mwezi kukua katika Vaishakh, Aprili au Mei, inahesabiwa kuwa ya kheri mchana kutwa, huhitaji kumuuliza mtu. Kila mchana, isipokuwa Jumatano, kuna kama dakika 48 jua likiwa utosini ziitwazo Abhijit, zinazosafisha makosa mengi. Utosini kwa Dar si saa sita kamili. Tuko magharibi ya mstari wa saa tunayoitumia, kwa hiyo jua linafika juu karibu saa 6:23, likisogea huku na huku kwa majira.

Na kuna mlango wa msafiri. Ndege haiwezi kusubiri Rog ipite. Mteja mmoja wa zamani wa bosi, mama wa Upanga, alikuwa na ndege ya kwenda Mumbai alasiri, saa mbaya kabisa kwa hesabu yake. Basi jana yake, Labh ilipoingia, alitoa begi lake nyumbani akalipeleka kwa mdogo wake mitaa miwili mbele, likalala huko. Kwa maharaji safari ilikuwa imeshaanza tangu begi lilipovuka kizingiti, na yeye kesho yake alikuwa analifuata tu. Dereva wa teksi, kijana wa Segerea, hakuelewa kwa nini abiria wa uwanja wa ndege anatoka mikono mitupu na kuomba wapite kwanza Kisutu.

"Mama, tutachelewa."

"Hatuchelewi. Mimi nilishaondoka jana."